Gari limechunwa ngozi kwa kung'arishwa. Nyie usafi mkubwa mnafanya kila baada ya muda gani?

#1 Mkazi wa Goba (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimekuja na la moyoni, msinicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Nina Harrier nyeusi, kizazi cha pili, niliichukua yadi mwaka 2019. Siku naitoa ilikuwa inang'aa kiasi kwamba ungeweza kunyolea ndevu ubavuni. Nikajiapiza haitafubaa mikononi mwangu. Nikapata kijana upande wetu huku, akaniambia, "Bosi, gari nyeusi bila bafingi kila miezi mitatu inakufa." Nikamwamini, nikawa napeleka gari lisuguliwe rangi kwa mashine, ndiyo bafingi yenyewe. Laki moja kila safari: ndani na nje, injini inaoshwa, chini inapulizwa dizeli, tairi zinapakwa mafuta. Miaka 4 sikukosa hata mara moja. Pigeni hesabu wenyewe: mara 16, milioni moja na laki sita.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kikao cha ukoo Bagamoyo. Nimepaki juani, saa saba mchana. Shemeji yangu, mtu wa maneno, yuko juu barazani ghorofani, akachungulia chini, akaniita: "Shem, hivi hili gari lina mba?"

Nikapanda. Paa zima lina mabaka meupe, kama nyoka anayejivua gamba. Niliposhuka nikagusa kwa ukucha, kikatoka kigamba chembamba kinachopitisha mwanga.

Kijana anasema ni jua la Dar, nipige bafingi mbili mfululizo rangi itarudi. Moyo umekataa. Ndiyo nauliza: nyie wenzangu mnapeleka gari usafi mkubwa kila baada ya muda gani? Na mimi nilikosea wapi?

#2 Kijiti

"Gari lina mba" hahaha, shemeji hafai. Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

#3 Mzee wa Probox

Mimi gari ni la kunitoa Mbagala kunipeleka Kariakoo na mzigo. Linaoshwa na mvua. Masika linaoshwa sana, kiangazi linapumzika. Rangi bado iko. Milioni moja na laki sita nimepigia tofali, mkuu.

#4 Mama Mapacha

Mzee wa Probox umenichekesha, lakini wenye watoto hatuna ujasiri huo.

Mimi ya nje sijali sana, yangu ni ya ndani. Nina Noah na mapacha wa miaka mitatu. Mwaka juzi chupa ya maziwa ilimwagika chini ya siti ya kati, hatukuiona hadi ilipojitangaza yenyewe. Nikaipeleka wakaoshe viti na kapeti. Kosa la kwanza lilikuwa la kwangu: ilikuwa Aprili, mvua haikatiki. Wakamwaga shampuu, wakasugua, wakavuta maji kwa mashine, jioni wakanipa gari "limekauka". Juu lilikuwa kavu. Ile sponji ya ndani ya siti na godoro la chini ya kapeti vilikuwa vimelowa chepechepe. Baada ya siku nne gari linanuka kama kanga iliyolala ndooni. Wiki ya pili nikaona ukungu kwenye mkanda wa siti.

Kosa la pili lilikuwa lao. Walifungua siti za mbele huku swichi iko ON kwa sababu walitaka redio, kulikuwa na mechi. Kumbe chini ya siti kuna plagi za njano za eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukinga watu ajalini. Ukizichomoa umeme upo, gari linajua kuna hitilafu na taa ya eabegi inawaka kwenye dashibodi hata ukizirudisha. Ikabidi nilipie mtu wa mashine aje aifute. Siku hizi nasimama hapo hapo: funguo mfukoni mwangu, betri inatolewa waya, wanasubiri dakika kadhaa ndipo wanafungua siti. Na ni mara mbili kwa mwaka tu, Juni masika yakishaisha na Januari baada ya sikukuu. Saa mbili asubuhi gari liko pale, milango wazi juani mpaka jioni.

Chini ya siti safari ya mwisho walitoa ndala moja, shilingi 2,300, kipande cha chapati kigumu kama kigae, na hereni yangu niliyokuwa nimemshitakia dada wa kazi. Nilimwomba radhi.

#5 Fundi wa Klia

Mkuu Mkazi wa Goba, pole sana. Kazi yangu ndiyo hii, mwaka wa 11 sasa. Ofisi sitaji, moderata asije akanifungia kwa kujitangaza.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Watu wakisema "usafi mkubwa" wanachanganya vitu vinne. Kuna kuosha. Kuna kusafisha ndani, kama alivyoeleza Mama Mapacha (na kuhusu zile plagi za njano, yuko sahihi kabisa). Kuna kupaka kinga, yaani waksi na jamaa zake. Halafu kuna bafingi, ambayo ni kusugua rangi. Vitatu vya mwanzo vinatoa uchafu au vinaongeza ulinzi. Cha nne kinatoa rangi yenyewe. Mtu anaoga kila siku, lakini hajichubui ngozi kila siku. Bafingi ya kila miezi mitatu ni mkorogo, mkuu. Unang'aa, watu wanakusifia, ngozi inaisha.

Chukua karatasi ya kuchapishia, ile A4 ya gramu 80. Unene wake ni kama maikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Rangi ya kiwandani kwenye magari mengi ya Kijapani tunayoendesha, kuanzia bati mpaka juu kabisa, inacheza kati ya maikroni 100 na 140. Karatasi moja na kidogo, basi. Humo ndani, lile tabaka la juu lisilo na rangi tunaloita klia ni maikroni 40 hadi 50. Nusu karatasi. Na humo ndimo ilimo kinga ya jua. Bafingi ya nguvu, mashine ya mzunguko yenye pedi ya sufu na kampaundi (dawa ya kusugulia) kali, inaweza kula maikroni 3 hata 5 kwa mkupuo mmoja. Polishi laini inakula 1 au pungufu. Zidisha kwa 16 uone. Mimi nilifundishwa kwamba ukishatoa 8 au 10 kwa maisha yote ya gari, weka mashine chini.

Jua la Dar lipo, silitetei. Ila jua linamaliza kazi ambayo mashine imeianza. Ndiyo maana limeanza kubanduka paani na si mlangoni. Paa ndilo linalokaa juani kutwa, na ndiko vijana wanakokandamiza mashine kwa sababu ni bapa na hakuna anayepaangalia.

Sasa kwa nini ulikuwa unarudi kila miezi mitatu? Kampaundi nyingi za bei rahisi zina mafuta na vijazio. Vinaingia kwenye mikwaruzo, vinaiziba, gari linatoka kama kioo. Ukiosha mara tatu nne kwa sabuni ya unga, vijazio vinaondoka na mikwaruzo inarudi palepale, tena safari hii imepata wenzake. Unarudi kwa kijana. Hata hajui kama anakudanganya, na yeye alifundishwa hivyo hivyo.

Siku nyingine ukichukua gari, nenda na spiriti ya duka la dawa, changanya nusu kwa nusu na maji, futa kwa kitambaa laini sehemu ya ukubwa wa kiganja kwenye boneti. Mulika tochi ya simu. Ukiona mikwaruzo kama utando wa buibui imejitokeza hapo ulipofuta na pembeni hakuna, ulilipia mafuta.

Kwa swali lako la mara ngapi: kuosha, kila wiki au wiki mbili kutegemea unapita wapi. Waksi, kila miezi miwili mitatu kwa jua letu, na unaweza kupaka mwenyewe Jumapili asubuhi kivulini. Ndani, mara mbili kwa mwaka. Bafingi haina ratiba. Unapima rangi kwanza, ukiona kuna haja unafanya moja nyepesi, halafu unasahau kwa miaka miwili mitatu. Kuna wateja wangu magari yao sijawahi kuyagusa kwa mashine hata siku moja na yanapendeza.

Kuhusu paa, sikufichi. Klia iliyoanza kubanduka hairudi kwa mashine, kwa waksi, wala kwa dua. Ni kupaka rangi upya.

#6 Mkazi wa Goba

Fundi, nimesoma mara mbili. "Mkorogo" imeniuma kwa sababu ni kweli, nilikuwa nasifiwa. Sasa hiyo mikwaruzo inatoka wapi kila mara kama mimi gari napaki ndani na sikwaruzani na mtu?

#7 Fundi wa Klia

Inatoka pale pale unapolipeleka likaoshwe. Siku ukienda usiangalie simu, angalia ndoo. Ndoo moja, sponji moja, magari sita. Sponji imetoka kusugua rimu za Coaster, inakuja moja kwa moja kwenye mlango wako. Mchanga umo ndani ya sponji, kijana anasugua kwa mviringo kwa nguvu zote akidhani anakupa huduma. Akimaliza anafuta kwa fulana ya zamani. Halafu gari liko juani, bati la moto, maji yanakauka kabla hajafika upande wa pili.

Na maji yenyewe. Sehemu nyingi za kuoshea hapa Dar zinatumia kisima, na visima vingi vya huku vina chumvi. Yakikauka juu ya rangi yanaacha vidoa vyeupe vya duara. Ukiviacha jua liviunguze wiki mbili tatu, vinachimba. Mteja anakuja kulalamika "rangi imekufa", kumbe ni chokaa na chumvi, siki iliyozimuliwa kwa maji ingeviondoa vikiwa vibichi.

Ndoo mbili. Moja ya shampuu ya gari, moja ya kusuuzia glavu kabla hujairudisha kwenye shampuu. Anzia juu, malizia chini, rimu ziwe na kitambaa chake. Kausha kwa taulo la mikrofaiba, bonyeza na kuvuta taratibu, usisugue. Sabuni ya unga iache ifue nguo, inakula waksi yote.

#8 Njuguna wa Fielder

Wakuu, hamjambo. Huku Nairobi mambo ni hayo hayo tu, bei ndiyo tofauti. Kuoshwa nalipa 400, bafingi nimewahi kulipa elfu tano, na kila mtu ako na mashine.

Yangu ni kuhusu injini. Kijana alinisisitizia engine inataka kuoshwa, nikakubali. Akapiga na mashine ya presha, mbio mbio, engine bado ni moto. Nikaondoka gari ikitetemeka, taa ya check imewaka, nguvu hakuna hata ya kupanda kilima. Mekanika akafungua juu, kila koili, ile ya kupatia plagi moto, inakaa juu ya plagi yake ya injini ndani ya shimo, na shimo mbili zilikuwa zimejaa maji. Plagi zimekaa ndani ya maji kama viazi. Akapuliza na kompresa, moja ikapona, koili ya pili ilikuwa imekufa, nikanunua.

Tangu hiyo siku engine yangu inapanguzwa na brashi na kitambaa chenye unyevu mara moja kwa mwaka. Hakuna mtu wa kuinyunyizia maji.

#9 Mzee wa Probox

Probox ina koili hizo hizo ndugu yangu. Ndiyo maana siigusi.

#10 Mtu wa Crown

Naona mnazunguka. Dawa ni seramiki, ile kinga ngumu inayopakwa juu ya rangi. Nimelipa 1,200,000, nimeambiwa miaka mitano, ugumu 9H, hata ukikwaruza kwa ufunguo haipiti. Sihitaji waksi wala bafingi wala nini. Nikinyunyiza maji uchafu unaondoka wenyewe. Nyie endeleeni na ndoo mbili.

#11 Fundi wa Klia

Mtu wa Crown, hongera kwa kuwekeza, na mimi hiyo kazi naifanya, kwa hiyo nasema nikiwa ninaila hela yake.

Hiyo 9H ni kipimo cha penseli. Wanachukua penseli za kuchorea, laini hadi ngumu, wanazipitisha juu ya rangi kuona ipi itaacha alama. 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote kwenye kipimo hicho. Basi ni penseli. Ufunguo ni chuma, usijaribu, nakuomba. Na jiwe linalorushwa na lori Morogoro Road linapita kwenye seramiki kama haipo. Anayetaka kuzuia jiwe atafute ile filamu ya plastiki ya kubandika, ila andaa hela nyingine kabisa.

Faida ya seramiki ni kwamba maji na vumbi havishikamani sana, kuosha kunakuwa kwepesi na kwa mikono michache zaidi. Kuosha kupo palepale. Maji ya kisima yakikauka juu yake yanaacha vidoa vilevile. Na kabla ya kuipaka, rangi lazima isafishwe na kusawazishwa, la sivyo umefungia mikwaruzo ndani kama picha kwenye fremu. Waliokupakia walikufanyia hilo? Na je, gari lilikaa wiki nzima bila kuoshwa baada ya kupakwa?

#12 Mtu wa Crown

Nililichukua asubuhi, jioni likanyeshewa, kesho yake nikaliosha.

#13 Kijiti

Bado nimekaa pale. Kiti kimeanza kupata moto.

#14 Mwana wa Mkunazini

Assalamu alaykum wanajukwaa. Mie niko Unguja, kwetu suala la kung'aa ni la pili. La kwanza ni kutu.

Gari linakaa pwani mwaka mzima, upepo wa kusi unaleta chumvi, usiku inatua kama umande. Ukipitisha kidole kwenye kioo cha mbele asubuhi ukakilamba, ni chumvi tupu wallahi, nimefanya. Na nyie wa Kigamboni mnaovuka kwa pantoni kila siku msijione mko salama. Mie kila Ijumaa kabla ya sala nasuuza gari kwa maji baridi ya bomba, na zaidi ya yote nasuuza chini: kwenye matao ya tairi, nyuma ya bampa, kingo za ndani za milango. Hakuna sabuni wala fundi. Dakika kumi na tano.

Jambo la dizeli. Mleta uzi kataja kwamba chini walikuwa wanapuliza dizeli. Hiyo tabia ifutwe. Dizeli inafanya chini kuonekane jeusi jipya kwa siku mbili, halafu inanasa vumbi, na bushi za mpira zinavimba na kulainika. Utabadilisha bushi kila mwaka ukilaumu barabara.

Na mnunuaji wa gari la Japani aangalie chini kabla ya kuangalia rangi. Magari yaliyotumika kaskazini kule Hokkaido yametembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Juu linang'aa kama lulu, chini limeliwa.

#15 Dereva wa App

Mimi nabeba abiria wa mtandaoni, IST, kutwa niko barabarani. Nyota zangu zinategemea harufu. Kuosha nje kila siku asubuhi elfu tano, ndani vakyumu siku tatu mara moja, viti shampuu kila mwezi mwisho wa mwezi usiku, naacha gari milango wazi uani.

Ila nataka kuwapa siri. Kwa miezi gari lilikuwa linanuka kama soksi kila nikiwasha AC. Nimeosha viti mara tatu, nimetundika manukato mpaka abiria mmoja akashuka anapiga chafya. Mwisho fundi wa AC akafungua kisanduku cha mbele ya abiria, akakiangusha chini, akavuta kitu kama fremu ya karatasi. Filta ya hewa ya ndani. Nyeusi tii, imejaa majani, manyoya, na bawa la mende. Nilikuwa naishi na gari mwaka wa tatu sijui kama ipo. Mpya elfu kumi na tano, dakika tano, harufu ikaisha. Kabla hujalipa laki ya usafi wa ndani fungua kwanza hapo.

#16 Mama Mapacha

Dereva, nimeenda kuangalia ya Noah sasa hivi na tochi. Sitaeleza nilichokiona.

#17 Pwaguzi

Samahani, mimi nina wasiwasi na uzi huu. Fundi wa Klia anasema bafingi ni mbaya huku anauza waksi na seramiki. Kila fundi anaponda kazi ya mwenzake. Mimi nimepiga bafingi mara nne Premio nyeupe, mwaka wa sita, paa liko sawa.

#18 Fundi wa Klia

Pwaguzi, swali zuri, na wewe hudanganyi. Premio nyeupe na Harrier nyeusi si kesi moja. Nyeupe haishiki joto kama nyeusi, na mikwaruzo yake haionekani, kwa hiyo hata anayekusugulia hana sababu ya kukandamiza. Mara nne kwa miaka sita ni tofauti na mara kumi na sita kwa minne. Na nyeusi za Toyota nyingi ni ile namba 202, itafute kwenye kibati cha nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Ni laini, inajulikana dunia nzima kwa kukwaruzika hata kwa kufutwa vumbi kavu.

Usiniamini mimi. Amini kipimo. Kuna kifaa kidogo, ukubwa wa simu za zamani, unakiweka juu ya bati kinakuambia unene wa rangi. Kwenye bampa la plastiki hakisomi kitu. Fundi yeyote anayetaka kukugusia rangi na hana hicho kifaa, anaendesha usiku bila taa.

#19 Mtoto wa Makulu

Dodoma tunasemaje? Vumbi jekundu. Kosa la huku ni moja: asubuhi mtu anatoka na kitambaa kikavu anapangusa vumbi ili afike ofisini anang'aa. Hilo vumbi ni mchanga. Mpangusaji wa kila asubuhi anafanya bafingi yake ya bure. Mimi napuliza maji tu, au naacha. Mheshimiwa gani atakayenishangaa, naye gari lake ni jekundu vilevile.

#20 Bibi Harusi Mtarajiwa

Naomba kuuliza, kinyesi cha kunguru? Napaki Upanga chini ya mkungu, kila siku wananipa mbili tatu.

#21 Fundi wa Klia

Usikwangue. Lowesha tishu, iweke juu yake dakika tano, ichukue kwa kunyanyua, si kwa kusugua. Fanya siku hiyo hiyo. Kinyesi kina asidi, na gari likipata joto mchana rangi inatanuka, jioni inaposinyaa inakishika kile kinyesi na umbo lake. Ndiyo maana unaona alama hata baada ya kuosha. Na ule utomvu wa mwembe ni hivyo hivyo. Hama mkungu, dada.

#22 Mkazi wa Goba

Wakuu nimerudi. Zimepita siku tisa.

Nilitafuta mtu mwenye kile kipimo, si Fundi wa Klia, nisije nikasemwa na Pwaguzi. Tulianza na mlango wa dereva, chini kabisa karibu na kizingiti, mahali ambapo mashine haifiki. Maikroni 121. Katikati ya mlango, 104. Boneti katikati, 89. Pembeni ya boneti pale inapokunja, 74. Paa, pale ambapo hapajabanduka bado, 70. Yule bwana hakusema kitu, alinionyesha kioo cha kipimo kisha akaenda mahali pengine, kimya kimya, kama daktari.

Akafika kwenye bati la juu ya tairi la nyuma kushoto. 338. Akarudia. 341. Akasogeza kidogo, 290. Nikamuuliza kipimo kimeharibika? Akacheka, akasema hapo hapajapungua, pameongezwa. Gari liligongwa likajazwa na kupakwa rangi kabla halijafika kwangu. Yadi waliniambia halijaguswa hata msumari. Miaka yote hii nimelilea na kumbe nilioa mjane.

Hukumu: paa linapakwa upya, nimepewa laki tatu na nusu, linaingia Jumatatu. Boneti tunaiacha ilivyo, waksi tu, hakuna mashine juu yake tena. Nimevaa mfuko wa mkate mkononi nikapapasa boneti kama nilivyoelekezwa na huyo bwana, nikasikia vipele kama msasa. Amesafisha kwa ule udongo laini wa gari na maji ya sabuni, bila kusugua rangi, na sasa mkono unateleza. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta miaka minne.

Kijana nimemfuata. Sikugomba. Nimemwonyesha namba kwenye simu. Akaniuliza, "Bosi, hiyo mashine inauzwa shilingi ngapi?"

#23 Pwaguzi

Mjane hahaha. Mkuu pole, na hongera kwa kupima. Huyo bwana yuko wapi, Premio nayo nataka niijue ilikotoka.

#24 Mtu wa Crown

Fundi wa Klia naomba nikutafute pembeni.

#25 Kijiti

Nilisema nimekaa pale. Leo nimeinuka. Nimeenda na spiriti na tochi kwenye Vitz ya mama watoto, ameitoa bafingi jana kwa elfu themanini na tangu jana anaiangalia kupitia dirishani. Nimefuta kiganja kimoja tu, karibu na kioo. Nimerudi ndani, nimenawa, nimekula, sijasema kitu.